Kamera Iliyoketi Mkekani

Mtu akishika kamera mjini Nizwa, Oman, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye ngome. Ni haki yake. Mnara ule mnene uliojengwa zama za Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi, karne ya 17, haukwepeki, na ukitoka hapo ukafika Bahla unakuta kuta nyingine ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia tangu 1987. Penye kuta kama hizo, mpenzi wa sinema ya Japani humkumbuka Akira Kurosawa, yule ambaye Rashomon yake ilitwaa tuzo kuu ya Venice mwaka 1951 na kuwafungulia Wajapani mlango wa dunia: farasi, vumbi, panga, ngome inayoteketea. Simpunguzii Kurosawa hata chembe. Lakini nashikilia kwamba Mjapani anayetufaa zaidi sisi tunaosema Kiswahili Ibra, Sur na Nizwa ni mwingine, ambaye filamu zake mashuhuri hazina farasi wala upanga, na ambaye mara nyingi hatoki nje ya chumba cha kunywea chai. Huyo ni Yasujiro Ozu. Aliitazama nyumba ya familia ikibadilika bila kumtafuta mkosaji, na nyumba zetu, zilizomo katika mabadiliko ya namna ile ile, zinahitaji kutazamwa vile sasa hivi, kabla wazee waliozaliwa Unguja na Pemba hawajatutoka.

Ozu alizaliwa Tokyo tarehe 12 Desemba 1903 na akafariki tarehe hiyo hiyo mwaka 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Alitengeneza filamu zaidi ya 50, karibu zote katika kampuni moja ya Shochiku, nyingi akiziandika na mwenzake wa miaka yote, Kogo Noda, na kwa muda mrefu mpiga picha wake akiwa mmoja, Yuharu Atsuta. Hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipofariki mwaka 1962, na mtu huyo asiyekuwa na mke wala mtoto ndiye aliyejua kuliko wengi jinsi baba anavyomtazama binti anayekwenda kuolewa. Watu husifu mengi katika kazi yake, ila kwetu la kwanza liwe kimo cha kamera. Aliishusha chini, karibu na macho ya mtu aliyeketi sakafuni, mara nyingine chini zaidi, kisha akaiacha itulie. Chumba cha Kijapani hutandikwa mikeka, viatu huvuliwa mlangoni, chakula huliwa chini. Wahakiki wa Ulaya, waliozoea viti, wameandika kurasa nyingi kuifumbua siri ya kimo hicho. Katika sabla, yaani baraza ya wageni, ya Mudheirib au chumba cha wageni cha Manah hakuna la kufumbua: hapo ndipo macho ya mtu yanapokuwa akishajaza kahawa kikombe na kusogeza sahani ya tende. Mwenye kuketi hivyo hamwangalii mwenzake kwa juu, na anayeingia ndiye anayeinama. Kamera ya Ozu ina adabu ya mgeni aliyekaribishwa akakaa alipoonyeshwa.

Tazama alivyoitumia adabu hiyo katika Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, ya mwaka 1953, filamu ambayo waongozaji 358 walioulizwa na jarida la Uingereza la Sight & Sound mwaka 2012 waliiweka ya kwanza kuliko zote. Kisa chake unaweza kukimaliza kabla kahawa haijapoa. Mzee Shukichi na mkewe Tomi, wa mji mdogo wa bandari uitwao Onomichi, wanapanda treni kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mwana mkubwa ni daktari. Amewaandalia matembezi ya Jumapili, na wakiwa wameshavaa, mgonjwa anamwita, matembezi yanavunjika. Binti ana saluni ya nywele na anaona hata vitafunio vya bei ya juu ni kuwadekeza. Wanachangishana fedha kuwapeleka wazee kwenye hoteli ya chemchemi za moto huko Atami, ambako vijana wanaimba na kucheza mahjong usiku kucha na wazee hawapati usingizi. Anayewapa muda wake ni Noriko, mkwe tu, mjane wa mtoto wao aliyepotea vitani, ambaye anaomba ruhusa kazini awatembeze mjini na usiku anamlaza mama mkwe katika chumba chake kimoja. Wazee wanarudi, mama anaugua njiani, anafika kwao na kufariki. Mazishi hayajapoa binti anaulizia nguo za marehemu. Mtoto wa mwisho, Kyoko, mwalimu wa shule, anachukizwa na ndugu zake, na hapo Noriko, aliyetenda wema kuliko wote, ndiye anayewatetea: kila mtu hufika umri ambao maisha yake mwenyewe humvuta mbali na wazazi, na yeye pia siku moja atakuwa hivyo. Mwongozaji mwingine angemwachia Kyoko neno la mwisho. Ozu anampa yule anayesamehe, na hata msamaha wenyewe unauma.

Sasa irudishe hadithi hiyo huku. Kwa vizazi vingi watu wa Ibra, Mudheirib, Sinaw, Nizwa na Manah walikwenda pwani ya Afrika Mashariki, na Sur ikajenga majahazi yaliyofuata kaskazi na kusi. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970, maelfu walikuja Oman wakiwa na Kiswahili kinywani, wengine Kiarabu chao kikiwa cha kuomba maji tu. Waliosoma wakapata kazi wizarani, benki, hospitali, kwenye mafuta, na kazi hizo nyingi ziko Maskat. Kwa hiyo nyumba ya asili iko katika mikoa ya Sharqiya au Dakhiliya, na mshahara uko mji mkuu. Kila Alhamisi jioni magari hutoka Maskat kwa wingi mpaka Bidbid, ambako njia hugawanyika, moja kwenda Nizwa na nyingine kwenda Ibra na Sur. Jumamosi baada ya adhuhuri yanaanza kurudi. Na safari ya upande wa pili ipo pia. Bibi anapelekwa Maskat kwa miadi ya hospitali, anakaa kwa mwanawe huko Mabela au Khoudh. Mwana yuko zamu, mkwe anafundisha, mjukuu yuko kwenye simu. Siku ya tano bibi anasema anataka kwenda kwao, kuna mitende haijaangaliwa. Hakuna aliyemkosea, na kila mmoja katika nyumba ile anajua kuna jambo limepungua. Filamu nzima ya Ozu imo katika siku hizo tano.

Atakuja mtu aseme: hao ni Wajapani, sisi tuna dini inayotuamrisha kuwatendea wema wazazi, hatuwatupi wazee wetu. Pingamizi hili ni zito na lijibiwe kwa heshima. Kwanza, hata katika filamu hakuna aliyetupwa. Daktari anayevunja matembezi ya wazazi ili amwone mgonjwa anafanya lililo sahihi. Angefanya vingine tungemlaumu. Wanaotoa fedha za Atami wanatoa kwa nia njema. Uchungu wa filamu unatokana na kwamba wema upo na wakati haupo. Pili, mwenye amri kubwa zaidi juu ya wazazi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuona mahali amri hiyo inapoponyoka bila yeye kujua. Mtoto wa Ibra anayelipa umeme wa nyumba ya mama yake, anayemnunulia dawa na kumwajiria msaidizi, ametekeleza mengi, na bado mama huenda akala chakula cha usiku na huyo msaidizi siku tano kwa wiki. Kwa hesabu ya matendo hakuna deni. Ozu anaitazama ile sahani ya pili mezani na anayeketi mbele yake, kisha ananyamaza. Mahubiri yana mahali pake, na filamu ina kazi nyingine: kumfanya mtu aone chumba ambacho amekuwa akikipita.

Kuna jambo jingine katika filamu hiyo linalotugusa kwa kina zaidi, nalo ni picha ya mume wa Noriko iliyowekwa juu ya kabati. Miaka minane imepita. Ozu mwenyewe aliandikishwa jeshini, akapelekwa China mwaka 1937, na baadaye mwisho wa vita ukamkuta Singapore. Alijua alichokuwa akikiacha nje ya fremu. Hakurudi nyuma kuonyesha mizinga wala moto. Vita vimo katika picha ile, katika upole wa mjane, na katika baba mkwe anayemwomba aolewe tena na amsahau mwanawe. Nyumba ngapi za Sharqiya na Dakhiliya zina picha ya namna hiyo? Mtu amesimama Forodhani na kanzu na kofia ya kiua, au ndugu watatu mbele ya mlango wa nakshi, na watoto wa nyumba wanajua majina lakini hawajui kilichotokea. Wazee wengi waliamua kutolisema, kwa uchungu au kwa kuwahurumia watoto. Wapo wanaotaka filamu kubwa ya 1964, yenye umati na bunduki, na huenda siku moja itakuja. Mimi ningependa kwanza ije ile ya picha ukutani na bibi anayeipangusa vumbi, kwa sababu ile kubwa itatushirikisha katika ugomvi wa historia ambao bado unawaka, na hii ndogo itatuambia jinsi watu walivyoishi na lile jambo miaka 60 huku wakipika, wakioza watoto na kupanda miti.

Wengine watasema filamu hizi ni za polepole, hakuna kinachotokea. Wazee wetu walikulia katika sinema. Majestic na Empire za Unguja zilijaa watu, na waliolia na Raj Kapoor katika Awara ya 1951 au na Mother India ya 1957 wanakumbuka nyimbo mpaka leo. Baada ya wingi huo wa machozi na ngoma, Ozu huonekana kama chakula kisicho na chumvi. Lakini angalia vizuri. Matukio yake ni mafupi, mazungumzo yanakwenda kasi ya nyumbani, vichekesho vipo vingi. Kilichoondolewa ni kelele, na mara nyingi hata lile tukio kubwa tunalolingoja. Katika Banshun, yaani Mwisho wa Machipuo, ya 1949, profesa mjane anamdanganya binti yake kwamba na yeye ataoa, ili binti akubali kuolewa bila kuona anamwacha baba peke yake. Tunasubiri harusi. Harusi haionyeshwi. Tunamwona binti amevishwa, anamuaga baba. Halafu tunamwona baba amerudi nyumbani usiku, amekaa, anamenya tunda, ganda linaanguka, kichwa kinainama. Bwana harusi hatumwoni kamwe, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyewahi kusikia jinsi nyumba inavyonyamaza baada ya bibi harusi kuondoka hatauliza kwa nini hakuna kinachotokea.

Na hapo ndipo lilipo jibu la pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote: nyumba zetu zina sitara, na kamera ni mgeni asiyejua mipaka. Ni kweli. Filamu inayoingia jikoni kwa nguvu na kumulika nyuso za akina mama itakataliwa Bahla na itakataliwa Bidiya, na itakuwa imestahili. Ila Ozu ni shule nzima ya kuonyesha bila kufichua. Baina ya tukio na tukio anatuwekea ushoroba mtupu, nguo zilizoanikwa, birika, taa ya barabarani, na sauti za watu zikisikika chumba cha pili. Harusi ameiacha. Maiti hakuikodolea macho. Mwandishi wa filamu kutoka Nizwa angeweza kueleza ugomvi mzima wa familia kwa viatu vilivyovuliwa mlangoni: vya nani vimekuja, vya nani vimeondoka mapema, vya mtoto gani vimewekwa mbali na vya kaka yake. Sitara, kwa mtu anayejua kazi yake, ni msaada. Inamlazimisha atafute kitu kidogo kinachobeba kikubwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni lugha. Kiswahili katika nyumba hizi ni lugha ya ndani. Ofisini ni Kiarabu na Kiingereza, msikitini na shuleni ni Kiarabu, na Kiswahili kinabaki penye chungu cha wali wa nazi, penye mandazi ya alfajiri, penye simu ya kwenda Zanzibar au Mombasa. Wajukuu wengi wanakielewa lakini hujibu kwa Kiarabu. Lugha inayoishi ndani tu hufa bila mtu wa nje kujua kwamba ilikuwepo. Ozu aliwahi kutengeneza filamu nzima kuhusu maneno ambayo watu huyaona hayana kazi. Katika Ohayo ya 1959, watoto wawili wanaotaka kununuliwa televisheni wanakemewa kwa kusema sana, nao wanajibu kwamba wakubwa ndio wenye maneno ya bure, habari za asubuhi, habari za hali ya hewa, kisha wanagoma kusema kabisa. Ukimya wao unazua fitina mtaa mzima. Na mwishoni tunawaona kijana na msichana wanaopendana wamesimama kwenye jukwaa la treni, wakizungumzia mawingu, kwa sababu hawana ujasiri wa kusema lingine. Sisi ambao salamu zetu huanza na hujambo, zikapita kwa watoto, kwa wagonjwa, kwa majirani, kisha tukaingia Kiarabu na kuulizana habari za njia tena upya, tuna filamu hiyo tayari midomoni mwetu. Hatujaipiga picha.

Oman haikosi watu wa sinema. Tamasha la filamu la Maskat lilianza mwaka 2001, na mwaka 2006 Khalid al-Zadjali alitoa Al-Boom, filamu ndefu ya kwanza ya Kiomani, ambayo tayari ilitazama maisha ya watu wa bahari. Lakini picha zinazotengenezwa kwa wingi kuhusu mikoa yetu ni za kuvutia wageni: ngome, mchanga wa Bidiya, majahazi ya Sur, mfereji wa Daris ukimetameta. Ni nzuri, na watu hawamo, au wamo kama mapambo. Ozu naye alikuwa na Tokyo nzima mbele yake. Aliwapandisha wazee wa Hadithi ya Tokyo basi la watalii, akatuonyesha mji kwa dakika chache kupitia dirishani, kisha akarudi chumbani. Neno Dakhiliya lenyewe maana yake ni "ya ndani". Uhusiano na Japani nao si wa jana: Sultan Taimur bin Faisal, baada ya kuachia kiti mwaka 1932, aliishi Kobe akaoa huko mwaka 1936, na gesi inayogeuzwa kimiminika Qalhat, jirani na Sur, imekuwa ikipakiwa melini kwenda Japani tangu 2000. Tumewapelekea moto wa kupikia. Tunaweza kuchukua kwao namna ya kuitazama nyumba wanamopikia.

Mahali pa kuanzia hapahitaji fedha nyingi. Nizwa, Ibra na Sur zote zina vyuo, na vyuo vina kumbi. Tatizo lililopo ni kwamba filamu hizi zinasema Kijapani, na maandishi ya chini yanaandikwa kwa lugha ambayo bibi haisomi. Japani yenyewe ilikuwa na dawa ya hilo. Zama za filamu zisizo na sauti, kando ya kitambaa alisimama msimuliaji aitwaye benshi, akisema kwa niaba ya kila mhusika, na watu walimpenda kiasi kwamba sauti ilichelewa kuingia. Ozu hakutoa filamu yenye mazungumzo mpaka 1936. Afrika Mashariki ilimpata benshi wake bila kujua jina hilo, kwenye vibanda vya video, na Tanzania nzima iliijua sauti ya Lufufu akiingiza Kiswahili katika filamu za kigeni. Basi apewe maikrofoni mama mmoja wa Ibra mwenye Kiswahili cha Unguja, aitazame Hadithi ya Tokyo mara mbili tatu akiwa na mtu wa kumfafanulia, kisha aisimulie mbele ya watoto na wajukuu. Atafika pale Tomi anapokuwa nje na mjukuu wake mdogo, akimuuliza akikua atakuwa nani, na kama yeye bibi atakuwepo kuliona hilo. Katika filamu mtoto hajibu, anaendelea na mchezo wake. Msimuliaji wa Ibra swali hilo ataliuliza kwa maneno yake mwenyewe, na ukumbini kutakuwa na mjukuu aliyeketi mkekani, akitafuta Kiswahili cha kumjibu.